Kijiji cha mlimani chenye hakina kelele, siku nne, sina gari, natoka Nairobi. Niende wapi?

dada_wa_vipuri
Wasee habari zenu. Mimi nauza vipuri hapa Kirinyaga Road, kama unaijua hiyo barabara sina haja ya kueleza, kama huijui basi chukua honi, nyundo za fundi, mtu wa kipaza sauti anauza dawa ya panya, weka zote kwa sufuria moja ufunike. Jioni narudi Umoja, na chini ya nyumba yangu mwezi wa pili wamefungua baa. Nimepewa likizo wiki moja na nimeamua siku nne hivi niende mahali penye mlima, baridi kidogo, watu wachache, na muhimu kabisa KUSIWE na spika. Sitaki Naivasha, sitaki Nanyuki, huko nikienda nitakutana na watu wa Nairobi wenye nimewakimbia. Nataka kijiji, si hoteli yenye imejifanya kijiji. Sina gari, niko peke yangu, mwanamke, na bajeti ni elfu kumi na tano ikivutika sana. Hema sitaki, tafadhali msiniambie hema. Kuna mtu ako na jibu la ukweli?

mzee_kijana
Si uende ushago tu. Bure, na chakula unapewa.

dada_wa_vipuri
@mzee_kijana ushago kwetu ni Busia, tambarare kama meza, na nikifika tu naletewa orodha ya karo kabla ata sijaweka mkoba chini. Hiyo si likizo, hiyo ni harambee.

mzee_kijana
😂😂 haya nimenyamaza.

mtu_wa_kerio
Nenda Kabartonjo. Milima ya Tugen, kule Baringo, unapita Nakuru, unafika Kabarnet alafu unashika gari ingine ya kwenda kaskazini. Ule ukingo umekaa kama mgongo wa ng'ombe, upande huu unaona bonde la Kerio, ukigeuka upande ule ni Ziwa Baringo liko chini huko. Mbele kidogo kuna Kipsaraman, kijiji kidogo tu, lakini mwaka wa 2000 kwa hiyo milima ndio walichimbua mifupa ya Orrorin, kiumbe cha miaka karibu milioni 6. Kuna jumba dogo la makumbusho hapo. Watu wako poa na asali ni ya kweli si ya kuchemshwa na sukari. Naongea kama mtu wa huko kwa hivyo nipunguzieni kidogo.

safari_bila_gari
Mimi sichezi na mlima kabisa, nimezunguka yote. Jibu ni Mtae, Usambara, upande wa Tanzania. Unafika Mombo, unapanda kona zile mpaka Lushoto (Wajerumani waliuita Wilhelmstal enzi zao, walipenda ile baridi), alafu basi lingine linakupeleka mpaka mwisho wa barabara, na nikisema mwisho namaanisha mwisho, kijiji kimekaa kwa ncha ya mlima, kulia ni shimo, kushoto ni shimo, na chini kabisa unaona nyika ya Mkomazi imetandazwa. Asubuhi mawingu yako chini yako. Wasambaa ni watu wa salamu, usipite mtu bila kumwamkia, na ile salamu si ya "niaje" moja ukapita, ni ndefu, mnaulizana mpaka ya nyumbani.

Shida ni siku. Kutoka Nairobi unavuka mpaka, unahitaji pasipoti au ile pasi ya muda, unalala njiani ata kama hutaki. Kwa siku nne utakuwa umekaa kwa kiti cha basi siku mbili na nusu. Weka hiyo ya Desemba.

dada_wa_vipuri
Mtae imeniuma roho lakini ni kweli siku hazitoshi. Kabartonjo naiweka kwa orodha. Kuna mwingine?

mdawida_wa_pipeline
Dada, nimekusubiri uchoke na hao wengine. Taita, kwa njia ya kwenda Mombasa. Na sisemi Voi, mji wa chini, nasema juu, Wundanyi na vijiji vya kuizunguka, Werugha, Wesu, zile njia za kuingia msitu wa Ngangao. Hiyo Usambara wenye wanakuambia ni ndugu ya Taita, ni safu moja ya milima ya zamani sana inaanzia kwetu inashuka Tanzania mpaka Udzungwa, sisi ndio mwanzo wake lakini watu wa Nairobi wanatupita kwa treni wakienda kuona bahari.

Kufika: shika treni ya SGR ya asubuhi, ile ya saa mbili yenye inasimama vituo vyote, si ile ya kukimbia. Bonyeza *639# ulipe na M-Pesa, lakini usingoje dakika ya mwisho, wikendi zinajaa. Fika Syokimau, stesheni yake ya Nairobi, mapema juu kuna mambo ya mbwa na mashine za kukagua. Mchana uko Voi. Stesheni haiko katikati ya mji, unachukua boda ama gari ya pale nje mpaka steji, alafu matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Jaribu usiharibu muda Voi, kuna joto la kuchoma na hakuna kitu umesahau hapo. Ukipita mashamba ya mkonge Mwatate sasa ndio gari inaanza kupanda, kona baada ya kona, na utasikia masikio yanaziba na mtu wa nyuma anafunga dirisha bila kukuuliza. Hapo umefika kwetu.

Sasa sikiza hii, ndio ya maana kuliko nauli. Kwetu huko juu, mtu akikuona hakujui, swali la kwanza si "unatoka wapi", ni "wewe ni mgeni wa nani?" Na unafaa uwe na jibu. Si ati watakufukuza, hapana, lakini mtu bila mwenyeji anasumbua watu, hawajui wakuweke wapi kwa kichwa, ni mtu wa mashamba? ni wa serikali? ni wa kununua miti? Ukisema "mimi ni mgeni wa mama fulani wa pale kanisani" mambo yote yanafunguka, mpaka mtoto wa watu anakubebea mkoba. Kwa hivyo kabla hujatafuta gesti, tafuta mwenyeji. Gesti ziko Wundanyi mjini, za bei ya kawaida, lakini umesema unataka kijiji.

lenzi_na_darubini
Naongezea kwa ya Mdawida. Mimi ni mtu wa ndege (wa mabawa, si wa uwanja wa JKIA). Ngangao ni kamsitu kadogo, hekta 120 hivi, ukitembea polepole unakamaliza kwa siku, lakini kuna ndege wako hapo na kwa vipande vingine vichache vya hiyo milima na HAKUNA kwingine duniani. Kuna mmoja wa aina ya kurumbiza, kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, Kiingereza wanamwita Taita thrush. Huyo usimtafute juu kwa matawi, kaa chini utulie, utamsikia kabla umwone, anapekua majani makavu kwa miguu kama kuku. Mwingine ni Taita apalis, kadogo sana, haka kako hatarini kabisa kuangamia, mimi nimeenda mara tatu na nimekaona mara moja kwa sekunde labda nne.

Ukiingia utaona kando kando kuna misonobari na mikaratusi ya kupandwa, usidhani ndio msitu, songa ndani mpaka miti ibadilike na ukungu uanze kudondoka kwa majani. Hiyo ni kazi ya msitu, kukamata ukungu wa kutoka baharini na kuugeuza maji, ndio maana chemchemi za huko juu zinalisha mashamba. Chukua kijana wa hapo akuongoze, mlipe vizuri, msibishane bei ya mia mbili na wewe umevaa viatu vya elfu nane.

baba_wa_pacha
Ngojeni nami niseme yangu msije mkampoteza huyu dada. Mwaka jana nilisema nataka Taita Hills, nikaandika hivyo kwa simu, nikapata jamaa mtandaoni (simtaji) akaniambia ako na nyumba "milimani", nikatuma nusu ya pesa. Kumbe kwanza hilo jina linachanganya, ile hifadhi ya wanyama yenye inaitwa Taita Hills iko CHINI nyikani, barabara ya Mwatate kwenda Taveta, ni ndovu na joto, si mlima wenyewe. Mimi na familia tumeshuka huko na masweta, watoto wanalia jasho. Nampigia jamaa simu haishiki. Kurudi Mwatate, jioni imeshaingia, matatu ya kupanda tunaambiwa ya mwisho imejaa, tukakodi gari ya mtu kwa bei sitaitaja juu mke wangu anasoma hapa. Tumefika Wundanyi giza, ukungu umeshuka huoni mkono wako, gesti ya kwanza imejaa, ya pili tumelala watu watano kwa vitanda viwili.

Asubuhi nikafungua dirisha nikaona mahali niko, nikasamehe kila mtu isipokuwa yule jamaa. Kwa hivyo dada: usitume pesa kwa picha, na ufike na jua.

dada_wa_vipuri
Aki pole sana @baba_wa_pacha lakini nimecheka hapo kwa masweta.

Sasa @mdawida_wa_pipeline umenipata na hiyo ya mgeni wa nani, lakini mimi sijui mtu yeyote Taita, nitaokota mwenyeji wapi? Na maswali mengine ya haraka haraka: stima iko? Choo ni cha aina gani, niambie ukweli sitalia? Mwanamke peke yake atasumbuliwa? Na ile hadithi ya mapango ya mafuvu ni kweli ama ni ya kutishia watoto?

mdawida_wa_pipeline
Stima iko, na inapotea ikitaka, beba chaji ya ziada. Netiweki nayo ni kichekesho, minara iko juu kabisa Vuria, mita 2,208, kilele kirefu kuliko vyote huko kwetu, unaiona na macho, na bado kuna mabonde huwezi tuma ata meseji. Choo ni cha shimo mahali pengi, kisafi, kiko nje, usiku beba tochi na uvae kitu juu baridi ya saa tisa haitanii, hasa ukienda Juni mpaka Agosti. Machi hadi Mei usiende, mvua, matope ya kukuacha bila kiatu.

Kusumbuliwa, hapana, utachunguzwa tu. Utaulizwa umeolewa? una watoto wangapi? mbona uko peke yako, umefiwa? Jibu chochote, jibu fupi, wanauliza juu ya kukuweka kwa mpango si juu ya ubaya. Vaa kawaida, leso ikuwe karibu.

Mafuvu ni kweli. Zamani mzee akifa alizikwa, baada ya muda kama mwaka fuvu lake linatolewa linapelekwa pangoni kukaa na ya wazee wenzake wa ukoo, na watu walienda hapo kuongea nao mambo yakiharibika, ukame ama ugonjwa. Wamishonari walipoingia, kwa kilima cha Sagalla miaka ya 1880 na pale Bura 1892, hiyo desturi ikaanza kuisha, lakini mapango yako na mafuvu yako. Hayo si mahali pa kwenda na kijana wa boda. Kila pango liko na wenyewe. Unaomba, mzee anakubali ama anakataa, ukienda hushiki kitu na simu inakaa mfukoni. Pia kuna misitu midogo ya fighi, ya kulinda nchi, hiyo nayo ukiambiwa hapa hatuingii, geuka tu.

Mwenyeji: nitumie ujumbe kando. Niko na shangazi juu ya Werugha, watoto wake wote wameshuka Mombasa, ako na chumba na anaongea kuliko redio. Nitamuuliza kwanza, sijakuahidi.

kimya_ni_mali
Mnafanya makosa. Mnaanika hizi sehemu hapa, mwaka ujao kuna mtu ataweka bembea ya kupigia picha hapo kwa jabali la Wesu na tiketi ya mia tano. Nyamazeni.

mdawida_wa_pipeline
@kimya_ni_mali nimekuelewa lakini wewe unalinda kimya cha nani? Shangazi yangu ako na hicho kimya miaka yote, angependa kukiuza kidogo anunue mabati. Kabichi ananyongwa nayo na mabroka wa soko la Kongowea, Mombasa, kila wiki. Wacha wageni wachache waje, wa kulala kwa watu, si wa kujenga.

kimya_ni_mali
Wachache huwa hawabaki wachache. Haya tu.

lenzi_na_darubini
Wote mko sawa na sote tutaendelea kwenda 🙂

*(wiki tatu baadaye)*

dada_wa_vipuri
Nimerudi, na nilisema nitaleta ripoti kwa hivyo hii hapa, ni ndefu, chukueni chai.

Treni ilikuwa sawa. Syokimau mnapanga mabegi chini kwa mstari alafu mbwa anapita ananusa, yangu alisimama kidogo nikaanza kukumbuka dhambi zangu zote, kumbe ni samaki wa kukaanga nilikuwa nimebeba wa njiani. Pale Tsavo kila mtu alihamia dirisha moja kuona ndovu, ni wekundu kweli, wamejipaka ule udongo. Voi nilifuata ushauri, sikukaa ata dakika kumi. Matatu tulikuwa abiria kumi na nne kwa hesabu ya konda na kumi na tisa kwa hesabu yangu, na kuku wawili, mmoja alikuwa miguuni kwangu amefungwa ametulia kuliko mimi, juu zile kona jamani, dereva anapinda na mkono mmoja na ule mwingine anapokea parsel dirishani.

Swali la mgeni wa nani nimeulizwa mara sita kabla ya kufika kwa nyumba. SITA. Mara ya kwanza ndani ya gari, mama wa kuku. Nikasema jina la shangazi, gari yote ikaitikia "aaa", na kuanzia hapo sikuwa tena abiria, nilikuwa mzigo wa kila mtu. Konda aliambiwa anishushe wapi, akaambiwa tena, alafu mzee mmoja akashuka kabla ya steji yake ili anionyeshe njia, na kule chini mtoto alikuwa ameshatumwa kunipokea, sijui habari ilifikaje na simu haikuwa inashika.

Nyumba ya mabati, jikoni kando limekuwa jeusi na moshi, na shamba limekatwa ngazi ngazi mpaka bondeni. Shangazi hajaniuliza nitalipa nini mpaka siku ya kuondoka, na hiyo siku tulibishana, yeye anapunguza mimi naongeza. Jioni ya kwanza alipika kimanga, muhogo umechemshwa na maharagwe alafu unapondwa na mwiko mpaka yakuwe kitu kimoja, kazito, anakashindilia kwa sahani na mgongo wa mwiko kama mtu anasiriba ukuta. Nilikula nikashiba alafu nikaongezwa.

Kuhusu kimya. Si kimya vile nilidhani. Kuna mfereji unapita nyuma ya nyumba maji yanaongea usiku kucha, kuna vyura, saa kumi na moja ng'ombe anaanza kuitana na wa jirani ng'ambo ya bonde, na jirani ako na redio ya mahubiri. Lakini siku ya pili nikiwa nimekaa kwa ngazi nikagundua kitu, hakuna ata sauti moja hapo ilikuwa inaniita mimi. Kirinyaga Road kila sauti inakuvuta nguo, dada kuja, dada bei ni hii, dada songa. Huko zinapita tu. Nililala mchana, mimi, sijalala mchana tangu niwe darasa la tatu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuandaa mboga za soko na sikukubali kukaa. Nikapewa kazi ya kufunga spinachi, unakusanya majani, unagonga vichwa vilingane, unafunga na kamba ya mgomba mkavu yenye imelowekwa maji isikatike. Nimefunga kama thelathini hivi nimejisifu ndani ya roho. Kuna kasichana ka miaka kama minane kalikuja nyuma yangu, hakasemi kitu, kanafungua moja moja kanafunga upya. Kabichi nazo zinabebwa begani kwa gunia kupanda mpaka barabarani juu lori haliwezi kushuka, nilijaribu kuinua gunia moja ili nione, nikaliacha pale pale lilipokuwa. Broka anakuja na bei yake kwa mdomo na hakuna wa kumbishia, lori ni lake. Sasa naelewa ulimaanisha nini @mdawida_wa_pipeline.

Viatu. Sikusikiza. Nilienda na raba za kukimbia, asubuhi ya kwanza kwenda chemchemi nimeteleza nimekaa chini mbele ya wanawake watano, wakanihurumia na mdomo wakacheka na mabega. Shangazi akanipa gambuti za marehemu mumewe, saizi kubwa kuliko mguu wangu mara mbili, nikajaza soksi. Na hizo ndio nimepandia Wesu. Tulifika juu ukungu umefunga, tumekaa na kijana wangu nusu saa tunaangalia weupe tu, ananiambia ngoja, mi nasema turudi, ananiambia ngoja. Alafu ikafunguka kutoka chini, kwanza paa moja, kisha barabara, kisha nyika yote ya Tsavo iko pale nyekundu na kijani mpaka mwisho wa macho. Dakika kumi labda. Ikafunga tena. Picha ninayo moja na ina kidole changu.

Ngangao nilienda, yule ndege wa mdomo wa chungwa nilimsikia anapekua majani vile @lenzi_na_darubini ulisema, kumwona sikumwona vizuri, niliona mkia. Yule mdogo mdogo hapana. Pangoni sikuenda, mzee mwenye ruhusa alikuwa matangani kijiji cha pili na mwingine yeyote alikataa kunipeleka, na sikulazimisha.

Pesa: nimerudi na chenji kwa ile elfu kumi na tano, na hiyo ni pamoja na treni kwenda na kurudi.

baba_wa_pacha
Umenifanya nitake kurudi. Na masweta yakiwa mahali yanafaa safari hii. Naomba namba ya huyo shangazi?

dada_wa_vipuri
Siwezi weka hapa ndugu yangu, si yangu ya kugawa. Ongea na Mdawida kando, naye amuulize kwanza kama alivyofanya kwangu. Ukiwa na pacha mwambie mapema, chumba ni kimoja.

safari_bila_gari
Ripoti safi. Bado Mtae ni kali zaidi lakini nimekubali.

mtu_wa_kerio
Kabartonjo inangoja dada. Asali iko.

mdawida_wa_pipeline
Nimesoma yote, nimecheka hapo kwa kasichana, hako ni ka jirani, kako hivyo na kila mtu. Sasa jambo moja. Shangazi amenipigia leo asubuhi, salamu ametoa, amesema umefika salama anashukuru, alafu akaniuliza ule mkebe wake wa kifuniko cha bluu aliokuwekea maharagwe ya njiani uko wapi.

dada_wa_vipuri
Uiiii. Uko hapa kwangu juu ya friji, nimeuosha. Kuna mtu wa kuupeleka? Ama niupe konda wa Voi?

mdawida_wa_pipeline
Mimi nashuka mwisho wa mwezi, nitaupitia hapo Kirinyaga Road. Lakini unajua mkebe haurudi mtupu.

dada_wa_vipuri
Najua hiyo, mi pia nimelelewa. Nitie nini sasa, mboga anazo, maharagwe anayo?

mdawida_wa_pipeline
Sukari. Na majani chai, ile ya pakiti kubwa. Na usiseme nimekuambia.